Hirizi kwenye Picha ya Kifua

Tanga, Jumanne, 1956

Zile filamu mbili za eksirei nimeziacha zimegeuzwa ukutani. Siwezi kuzitazama tena.

Yule bibi wa Moa, mwenye kikohozi, alikataa katakata kuvua hirizi aliyofungwa na marehemu babake. "Mwanangu, hii haivuliwi wala haifunguliwi." Nikachoka kubishana, nikampiga eksirei mara mbili nayo shingoni.

Nilipozisafisha, picha ya miale hafifu ilionyesha jino la mtoto na sindano ndani ya hirizi. Ile niliyoiongezea nguvu ya miale, jino limefifia, imebaki sindano tu.

"Mmeifungua?" aliniuliza.

"La, bibi. Hakuna aliyeigusa."

Akaitikisa sikioni, akasikiliza kama anayengoja kitu kigonge ndani. Akaitikisa tena. Uso ukamsawijika.

"Basi mbona leo haijibu?"