Usiwashe Hita Mpya

Mama Shukri,

Usiguse swichi kubwa. Waya umeungua ukutani, nimezima stima nyumba nzima. Jiko la makaa linawaka uani na maji yako juu, sufuria mbili. Bi Zamzam atarudi adhuhuri kumkanda Shukri. Leo ni siku ya kumi na tisa tu tangu ajifungue.

Naenda gatini kumuwahi fundi kabla hajapanda boti ya Kiwayu. ~~Shukri akiuliza, mwambie stima imekatika mji mzima.~~ Hapana, mwambie kweli. Fundi aliniambia jana kwamba waya wetu ni mwembamba, hauwezi hita kubwa kama hii. Nikamwambia afunge tu. Nilitaka mtoto wetu akandwe kwa maji moto ya kutosha, nawe upumzike kubeba masufuria kila alfajiri. Badala yake leo alfajiri mzazi wetu, Shukri, aliketi kigodani akitetemeka, mafuta mwilini, maji baridi.

Ile hita yetu ndogo ya zamani iko chini ya ngazi. Fundi atairudisha leo hii.

Mkate uko kapuni, sikuugusa.

Na kuhusu pasi. Nilikufokea mbele ya Bi Zamzam kwamba umeiacha ikiwaka, ndiyo maana stima imezima. Nawe, kwa uchovu wa kukesha na mjukuu, ukaniomba radhi bila hata kwenda kutazama. Pasi haimo humu ndani. Iko kwa jirani tangu Ijumaa, na niliyeipeleka ni mimi.

Baba Shukri