Wamenisamehe Misiba

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, Ikolo yote ni tope, na moyo wangu ni tope vilevile.

Mugonile, wasomaji wangu. Leo sina umbea. Ninao, ila hautoki.

Jana tumemzika Tumpe. Kama hunijui, mimi ni Mama Neema, nilikatwa mguu kwa sababu ya sukari, natembelea wilichea. Huyu Tumpe ni rafiki yangu tangu tunacheza kwenye majaruba ya baba yake. Nilipokatwa, watu wote waligeuka wapole. Wakija nyumbani wanamuuliza binti yangu, "Neema, eti anakunywa chai?" Na mimi nipo hapohapo, masikio ninayo yote mawili! Tumpe peke yake ndiye aliyeendelea kunitukana. "We mwanamke, mguu wamekata, huo mdomo wamekuachia wa nini?" Tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Jana nilitaka kitu kimoja tu. Nimwone uso, nimwambie maneno yangu ya mwisho. Basi.

Neema akanisukuma mpaka msibani, magurudumu yanazama, tukafika kama tumetoka kulima mpunga. Wanaume wako nje kwenye turubai, akina mama ndani kwenye mikeka na marehemu, ndivyo tunavyofanya sisi. Sasa nyumba za huku msingi umenyanyuliwa juu, tunaogopa mafuriko. Ngazi ndefu, mlango mwembamba. Wilichea haipiti.

Nikasema nishusheni chini, nitajikokota kwa makalio. Mama Ambokile, mwenyekiti wetu wa akina mama, akashika kichwa. "Hee! Utambae mbele za watu? Watatusema! Kaa hapohapo mamangu, utamuaga akitolewa nje."

Neema naye akaninong'oneza, "Mama, usitutie aibu."

Hiyo iliniuma kuliko msumeno wa hospitali.

Nikakaa na wanaume. Mimi, niliyekuwa naanzisha vilio kata nzima! Wao wanaongea bei ya kokoa. Nani angeniitikia kilio hapo?

Jeneza lilipotoka, mvua ikashuka. Watu wakalizunguka, wamesimama, haraka haraka. Mtu umekaa chini hivyo unaona nini? Makalio. Nimeaga makalio, wasomaji wangu. Nikapiga kelele, "Nisogezeni jamani!" Nyimbo zikanifunika. Mara nasikia kifuniko kinapigwa misumari.

Sikumwona.

Tulipomaliza kuzika, Mama Ambokile akanijia na wenzake, uso umejaa huruma. "Mama Neema, ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Tumeshauriana hapa. Kuanzia leo tumekusamehe misiba. Kuni usilete, mchele usilete, wewe pumzika zako nyumbani." Wenzake wakaitikia, mmoja machozi kabisa yanamtoka. Walijua wananipa zawadi.

Na mimi, na mdomo wote huu, nikasema ndaga.

Huku kwetu hata uwe umegombana na mtu mwaka mzima, akifiwa unabeba kuni unaenda. Mgonjwa asiyeinuka kitandani anatuma mtu apeleke mchele wake, ili jina litajwe. Langu halitatajwa tena. Na watu wameniondolea kwa upendo, sasa nitagombana na nani?

Leo nimewasikia njiani wanaenda kuondoa matanga ya Tumpe, wanacheka, wanasimuliana. Walipofika usawa wa nyumba yangu wakashusha sauti. Wakapita.

Mchana kutwa nimewaza, hapa Ikolo ni nani mwingine anayesamehewa misiba? Nimepata wawili tu. Mtoto mchanga, na marehemu mwenyewe.

Mtoto mchanga mimi siyo.