Kiboko wa Machibya

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Nathaniel, huna adabu! Mwanaume mzima unavusha fundi kutoka Mwanza, unaingia naye kanisani, mama yako unamsalimia baadaye! Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya fundi. Fundi anaitwa Okomo, mtu wa Mara. Akatazama viatu vyake.

Wanasema dirisha kubwa litashushwa, lisafishwe kabla Askofu hajaja siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Sawa. Halafu mwanangu anasema — mayu, mama yangu, ile chupa ya bia pale dirishani tunaitoa, ni aibu kanisani. Aibu! Bia yenyewe aliinywa padre.

Nikarudi nyumbani nikachambua dagaa.

Alhamisi, 10 Agosti

Kanisa limepata bati jipya na chokaa. Pesa ya sangara hiyo, Nathaniel anauzia viwanda vya minofu. Zamani hakukuwa na pesa, kulikuwa na vichwa vyetu. Hubatizwi mpaka umebeba mawe kutoka ziwani. Nilibeba, ndipo nikaitwa Teodora. Vioo vya rangi vilikuja kwa mtumbwi, vimefunikwa majani makavu: Petro chomboni, nyavu, ziwa la bluu.

Baadaye mvua ya mawe ikatoboa lile ziwa la kioo. Padre akaziba kwa gunia. Mume wangu Machibya akaokota chupa ya padre, akaizungushia uzi wenye mafuta ya taa, akauwasha, akaitumbukiza majini — pah! Kitako kikakatika. Akakipachika pale pale. Duara la kahawia katikati ya maji. Watoto wakasema, kiboko wa Machibya! Askofu wa wakati ule akauliza, Injili ipi ina kiboko? Machibya akamjibu, Baba, hilo ziwa ni letu.

Misa ya kwanza jua hupita humo, doa la kahawia linanikalia mapajani, upande wa wanawake. Miaka yote.

Machibya tulimzika Juni. Sijalia. Watu wananivizia chozi. Wavizie.

Jumamosi, 12 Agosti

Nathaniel amefungua blanketi, ndani kioo kipya cha bluu, cha kuziba pale pa chupa. Kimeandikwa: Mzee Machibya, apumzike kwa amani. Akasema, mayu, hata Askofu atamsoma baba. Baba yake alipokufa yeye alikuwa visiwani na samaki, alikuta kaburi limeshafukiwa.

Nikasema, vizuri. Nikaenda kulisha kuku.

Jumapili, 13 Agosti

Dirisha limerudi juu. Watu wanasifu. Jirani yangu Wilhelmina akaninong'oneza wakati wa mahubiri — kiboko kaenda kuoga wapi? Wenzake wakacheka ndani ya kanga. Mimi pia ningecheka, siku nyingine.

Jua likaja. Nikaweka mkono mapajani, mahali pangu. Bluu. Mkono wa bluu kama wa maiti.

Ekaristi nilipokea. Wimbo sikuimba.

Jumatatu, 14 Agosti

Asubuhi nikamfuata Okomo. Shikamoo bibi. Marahaba, kitako cha chupa kiko wapi? Akasema, Nathaniel alikichukua, bibi, hakutaka nikitupe.

Nikamkuta kaburini kwa baba yake. Anajengea saruji. Na pale kichwani amemdidimiza kiboko ndani ya saruji mbichi, anafuta tope kwa mkono wa shati. Shati zuri! Nikamwuliza, unafanya nini? Akasema, mayu, nilitaka awe nacho karibu. Sikumzika mimi. Akalia kama mtoto, mabega yote.

Nikamwacha alie. Mmoja wetu alie.

Nikatazama kile kioo. Cheusi. Kwenye saruji hakuna jua linalopita, ni chupa tu. Na kule juu kanisani jina limening'inia kwenye maji, kama mtu aliyezama.

Nimeketi kwenye kigoda naandika, yeye amesimama na mwiko, ananingoja. Askofu ni kesho. Nimemwambia, na naandika hapa asije akajifanya hakusikia:

Saruji haijashika. Kitoe sasa hivi, taratibu, usikivunje. Kioshe ziwani. Mwambie Okomo apande ngazi tena, ashushe hilo jina alilete hapa kaburini, jina ni la kaburi. Kiboko arudi majini. Na ubadilishe shati.