Mimi Nyuki, Shemeji Kiazi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako haraka, maana zimebaki siku tatu tu na kichwa changu, ambacho kwa kawaida hakinishindi, safari hii kimenigomea.

Mimi ni mkata vitambaa kwenye karakana inayoshona sare za shule, na si kwamba najisifu lakini mkono wangu ni mwepesi. Mezani tuko wawili, mimi na shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii nilipokuwa sijui hata kushika chaki, na tulikuwa tunaelewana vizuri mpaka alipoletwa meneja mpya, mtu wa mbio, anayependa misemo ya Kiingereza kuliko chai, ambaye kila asubuhi anatusimamisha mduara kila mmoja aseme kwa Kiingereza leo ana nguvu kiasi gani, na ukutani amebandika ubao wenye pande mbili, upande mmoja wa nyuki, yaani wachapakazi, na mwingine wa viazi, kwa sababu eti kwa Waingereza mtu mvivu ni kiazi kilichokaa kwenye kochi, na mwenye nguvu husemwa amejaa maharage, usiniulize kwa nini. Nikatafuta daftari, nikaikariri misemo yote, na siku ya kwanza nikatangaza kwamba nimejaa maharage, mafundi wa cherehani wakacheka mpaka wakashika mbavu, lakini meneja akapiga makofi na jina langu likaenda kwa nyuki.

Shemeji hana mbio. Akifungua jora la kitambaa cha fulana, kile kinachovutika, anakitandaza mezani anakiacha kilale mpaka kesho yake, naye anakaa kwenye stuli pembeni ananoa mikasi au amekunja mikono tu, anasema kitambaa kimevutwa kikabanwa kwenye jora, lazima kijirudi chenyewe kabla hujakikata. Meneja akimkuta amekaa anatikisa kichwa. Jina lake likaenda kwa viazi wiki ya kwanza, likaenda na ya pili, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka na wenzangu.

Sasa ikaja kazi ya fulana mia mbili za michezo, na asubuhi hiyo shemeji alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mama mkwe wangu hospitali, basi nikaona hii ndiyo nafasi ya nyuki kuonekana, nikafungua jora nikakata palepale bila kulaza chochote, mpaka shemeji anarudi saa sita nimemaliza, akagusa vile vipande, akanitazama, akaenda kukaa. Wiki mbili baadaye shule ikazirudisha fulana zote, zimefuliwa mara moja tu zikafupika, watoto matumbo yako nje. Meneja akauliza nani alikata, na kabla mtu hajafungua mdomo akageukia ubao akasema hii ni kazi ya kiazi. Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akanyamaza, akapewa barua, Jumamosi ndiyo mwisho wake, na jioni ileile mimi nikaitwa ofisini nikaambiwa kuanzia Jumatatu mimi ndiye msimamizi wa meza.

Mpango wangu ni huu, na naona hauna kasoro: ninyamaze, nipokee cheo, halafu nikishakaa vizuri nimrudishe shemeji taratibu. Mke wangu hajui, ila jana aliniuliza mbona dada yake hapokei simu. Je, shemeji nimwambie mpango huu kabla ya Jumamosi au baada?

Nyuki wa Mezani

JIBU

Kaa chini kwanza, Nyuki, najua huna mazoea ya kukaa.

Nakujibu leo leo kwa sababu ya hizo siku zako tatu. Naanza na pole, kwa kuwa kidogo unastahili. Kufanya kazi chini ya mtu anayepima bidii kwa macho kunachosha, na jina la mtu likibandikwa pabaya ukutani kila anayepita analisoma. Uliogopa kuwa kiazi. Hilo naelewa.

Lakini ati mpango hauna kasoro? Mwanangu, mpango wako wote ni kasoro. Unamwacha mwalimu wako afukuzwe kwa kosa lako, kisha uje umrudishe ili akushukuru? Na atarudi vipi, wakati ana barua inayosema ameharibu fulana mia mbili? Umeniuliza umwambie lini. Hukuuliza kama ni haki, kwa sababu jibu unalo, na ndiyo maana umeandika kwangu badala ya kumweleza mke wako unayekula naye meza moja.

Na huo uvivu mnaouimba kila asubuhi, lugha yetu inaujua vizuri. Kuna mtegeaji, kuna mzembe, kuna anayejikokota. Shemeji yako hayumo. Kukaa kwake kwenye ile stuli ni kazi, tena ngumu, kwa sababu anaifanya huku anachekwa. Aliyeona uvivu ni wewe, asubuhi ile, ulipoona uvivu kukisubiri kitambaa.

Sasa fanya hivi. Leo kabla hujatoka karakanani, tandaza kipande cha kitambaa kilekile ukiache kilale. Ukifika nyumbani mwambie mke wako yote, ayasikie kwako. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha mwende pamoja kwa dada yake, na usianze na habari za meneja wala ubao. Sema nilikata mimi, nikanyamaza, nisamehe. Halafu unyamaze tena, safari hii kwa sababu nzuri.

Kesho fika mapema. Kata kipande kimoja kutoka jorani na kingine kwenye kile kilicholala, urefu sawa, uvifue kwenye ndoo mbele ya meneja. Vikikauka mpe yeye utepe apime mwenyewe, naye ataona inchi zimeishia wapi. Mwombe aifute barua ya shemeji yako, na cheo alichokupa mrudishie. Huenda kazi ukaipoteza wewe. Ndiyo, huenda, na sitakudanganya. Mkono mwepesi utapata meza nyingine, ila shemeji wa namna hiyo hutampata tena.

Kitu kimoja cha mwisho. Alikutazama mara mbili akanyamaza, ukadhani hana la kusema. Mimi naona alikuwa anakupa muda ujirudi mwenyewe, kama anavyovipa vitambaa vyake. Amesubiri vya kutosha. Kwa hiyo kesho kwenye mduara, zamu yako ikifika, waachie wengine maharage. Sema kwa lugha uliyozaliwa nayo, isikike mpaka cherehani ya mwisho: "Fulana zile nilizikata mimi."