Kijiko Juu ya Friji

Jumatatu, 3 Machi

Nimebishana na Mwalimu wa Historia mpaka chai ikapoa. Nasema zama za giza zimerudi — watu wana simu mkononi na bado wanameza kila wanacholishwa. Yeye anacheka tu. Eti kila kizazi kimesema hivyo, nilete ushahidi. Ushahidi? Utapatikana! Nimemtumia kinyozi wangu ujumbe wa uongo mtupu: kijiko cha chuma juu ya friji hupunguza umeme kwa nusu, wataalamu wamethibitisha. Kinyozi peke yake. Mdomo wake hauna breki.

Alhamisi, 6 Machi

Ujumbe wangu umerudi! Uko kwenye grupu la wazazi wa shule, umeshaongezewa profesa, na onyo kwamba kijiko kisiwe cha plastiki. Nimecheka hadi machozi. Nimemwonyesha Mwalimu wa Historia. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi

Nimeamka — kijiko juu ya friji yetu! Kakiweka mama mkwe. Mke wangu ananitazama, mwalimu wa fizikia nitasema nini. Nimesema "mmh." Ningesema ni uongo, mwisho ningeulizwa nani kautunga. Mama wa watu, hata yeye! Nimeona aibu kidogo. Kisha nimekula kifungua kinywa changu hivyo hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Kijiko hakipo. Nimemuuliza mama mkwe. Wiki moja nacho, wiki moja bila, kanijibu, halafu tutaona. Kumbe kila asubuhi saa moja anasoma mita na kuandika kwenye daftari lake la vipimo vya nguo! Mimi, na digrii yangu, sijapima chochote.

Jumapili, 23 Machi

Majibu yametolewa mezani, mbele ya wote. Na kijiko: yuniti thelathini na moja. Bila kijiko: thelathini. Uongo, kasema mama, akafunga daftari. Nimefurahi — kweli nimefurahi, nusura nipige makofi. Kesho namwambia Mwalimu wa Historia kwamba kanishinda.

Lakini mama hajamaliza. Anamtaka aliyeanzisha. Kamuuliza aliyemtumia, kisha aliyemtumia huyo, tangu Jumatano hajashusha simu, majina yote kayapanga kwa mstari. Kafika kwa kinyozi.

Nimejifungia chooni na shajara. Mke wangu anauliza kama naumwa tumbo. Mama yuko mlangoni, namba ya kinyozi anayo. Mwanangu, anasema, toka umpigie wewe, wewe ndiye msomi humu ndani, utajua kumbana. Na uweke spika, tusikie wote.