Shingo ya Baba

Butembo, tarehe 19 Machi 2023

Kwako Baba Éphraïm,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini wewe na mdogo wangu Christa mmeamka vizuri huko Bungulu, na kile kidonda cha mguuni kimeanza kukauka. Sisi huku tuko wazima. Baridi tu ndiyo inatusumbua, na cherehani yangu haipumziki.

Baba, nimesikia kwa Mchungaji Sadrack mwenyewe, mkuu wa kamati. Alikuja hapa atelier kwangu kuagiza toge, kanzu za ibada za wote watakaowekewa mikono kuwa wachungaji siku ya Pentekoste, na jina lako limo. Nililia mbele ya wateja, wala sikuona haya. Umekuwa mwinjilisti tangu mimi sijazaliwa, umezika watu, umeamua ugomvi wa nusu ya mtaa, na kila mara wengine ndio walioitwa. Toge yako nitaishona mwenyewe, hakuna fundi mwingine atakayeigusa.

Lakini kwa nini hushiki simu? Nikipiga, Christa ananijibu kwamba umetoka, na nyuma yake nasikia ukikohoa. Kama nimekukosea, niambie. Nitumie pia vipimo kwa nyuzi, kama tunavyowafanyia wazee walio mbali: uzi mmoja uzungushe shingoni, mwingine kiunoni, ufunge fundo pale ncha zinapokutana. Umpe Eliezer, yule dereva wa taxi, anapita hapa kila Jumamosi.

Binti yako,
Joyeuse

Beni-Bungulu, tarehe 26 Machi 2023

Joyeuse mwanangu,

Nimepokea barua yako, nikaisoma kwanza kimya, kisha kwa sauti ili Christa asikie namna dada yake anavyomchongea. Hatujambo. Kidonda kipo palepale, nacho ni kikaidi kuliko mimi. Sukari vilevile. Dawa nameza, chai nakunywa chungu, ndizi mbivu natazama tu zikiliwa na wengine, lakini kila nikipimwa muuguzi anatikisa kichwa kana kwamba nina mzinga wa asali chini ya kitanda.

Kuhusu simu, hujanikosea. Nakuambia wewe peke yako. Meno yangu ya juu, yale ya mbele, yanacheza. Moja lilibaki ndani ya muhogo, nikalizika nyuma ya jiko. Mengine yanatoa damu, na mdomo unanuka hata mimi mwenyewe nausikia. Tangu hapo kila S inatoka na mluzi. Jina la Bwana wetu nalitaja kama mtu anayeita mbuzi. Kwenye barua sina mluzi, ndiyo sababu naandika.

Unamkumbuka mzee Kitsa. Alijua Maandiko kuliko sisi sote. Meno yakamtoka, watoto wa shule ya Jumapili wakamwiga, na kamati ikampita mpaka akazeeka. Hawakusema ni meno. Hawakusema ni nini. Kwa hiyo kabla ya Pentekoste hakuna mtu atakayenifungua mdomo, hata daktari. Akiyang'oa sasa nitasimama mbele ya watu na ufizi mtupu.

Nyuzi hizi hapa. Ule wenye fundo moja ni wa shingo, wenye mawili ni wa kiuno.

Baba yako,
Éphraïm

Butembo, tarehe 2 Aprili 2023

Baba mpendwa,

Habari za nyumbani? Nakusalimu wewe na Christa, na mama wa kwaya wote. Nilicheka pale kwa mbuzi, halafu kicheko kikaisha na woga ukabaki.

Nina mteja, Nadège, ni muuguzi hapa Butembo. Nilimwuliza bila kukutaja jina. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mutu wa sukari akiwa na meno yenye kuoza, dawa ya sukari inafanya kazi bure. Kidonda nayo haiponi. Ile mudomo inakula mwili yote." Baba, ni wewe huyo. Mguu, sukari, meno, wewe unayataja kama mambo ya watu tofauti, na ni mtu mmoja.

Nenda hospitali, nakuomba. Pentekoste bado iko mbali kidogo, ufizi una muda wa kupona. Na kama utasimama bila meno, si utasimama? Mimi nitakuwa safu ya mbele.

Toge nimeanza kuikata mabegani. Kola naiacha mwisho. Kola ya mchungaji ni ngumu, ikikosewa kidogo inakaba, kwa hiyo huwa napima mara ya pili kabla ya kuishona. Utanitumia nyuzi tena baada ya Pasaka.

Binti yako,
Joyeuse

Beni-Bungulu, tarehe 23 Aprili 2023

Joyeuse mwanangu,

Salamu za siku nyingi. Je, baridi ya huko imekuacha? Sisi tuko, tunasukuma siku. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe inang'aa. Nina meno.

Sokoni kuna mtu anayetengeneza meno chini ya mwavuli, ana kioo na kiti cha plastiki. Nilimwonyesha mdomo wangu, nikamwambia kung'olewa sitaki. Akasema, "Papa, hapana ogopa. Hatung'oe kitu. Tunabandika mupya juu ya ile ya zamani, hakuna mutu atajua." Akayasugua ya zamani kwa tupa, akakoroga unga wake na maji yanayonuka kama rangi ya kucha, akabandika. Nilitoka pale natafuta watu wa kusalimia. Christa anasema nafanana na picha yangu ya ndoa, na wewe unajua Christa hana tabia ya kunisifu. Jumapili niliongoza ibada, na kila S ilikaa mahali pake.

Muuguzi wako ana akili, sikatai. Lakini yeye hana Pentekoste mbele yake. Ningemsikia Januari.

Upande wa kushoto unauma kidogo, kama kiatu kipya. Utazoea. Nyuzi za pili hizi hapa. Uniambie kama kola itakuwa nyeupe kabisa au ya rangi ya maziwa, maana naulizwa na wenzangu. Wiki ijayo nitakupigia simu usikie mwenyewe.

Baba yako mwenye meno,
Éphraïm

Butembo, tarehe 7 Mei 2023

Baba,

Nakusalimu, na leo nikiuliza hali yako nataka jibu. Ulisema utapiga simu. Nimeshinda na simu juu ya cherehani kama mtu anayengoja majibu ya mtihani. Christa nikimpigia anasema uko sawa, halafu anakata.

Nyuzi zako za pili zilikuwa ndani ya droo, kazi zilinizidi. Jana nilifika kwenye kola. Nikazilaza mezani, za Machi na za Aprili, upande kwa upande. Uzi wa kiuno umefupika. Uzi wa shingo umerefuka. Nikadhani nimechanganya, nikaangalia mafundo tena, na sikuchanganya. Baba, mimi napima watu kila siku. Mtu akinenepa ananenepa kote, akikonda anakonda kote. Sijawahi kuona shingo inayoongezeka juu ya mwili unaopungua.

Nadège alikuwa amekuja kuchukua rinda lake. Aliziangalia, akaacha kucheka. "Hii hapana kunenepa. Hii ni uvimbe ya meno, iko inashuka mu shingo. Ikifika chini ya ulimi, mutu anakosa pa kupitisha pumzi. Tena mutu wa sukari, mbio mbio."

Unameza vizuri? Mdomo unafunguka? Una homa? Nijibu bila mzaha, na usingoje barua yangu nyingine ndiyo uende hospitali. Nenda leo. Sitagusa kola hiyo mpaka nisikie kutoka kwako.

Joyeuse wako

Beni-Bungulu, tarehe 12 Mei 2023

Joyeuse,

Salamu. Usiogope.

Nakunywa uji. Mdomo unafunguka kiasi cha kijiko. Homa inakuja jioni na asubuhi inaondoka. Nafunga skafu, watu wanadhani ni baridi. Yule mtu wa sokoni nilimtafuta, mwavuli haupo, na jirani zake hawajui alikokwenda.

Zimebaki siku chache tu. Wacha niwekewe mikono, halafu wafanye watakavyo, hata wang'oe taya zima. Nikienda hospitali sasa watanilaza, na nikilazwa jina langu linafutwa, na likifutwa mimi simo tena. Nimeshawazika wenzangu waliosema wataitwa mwaka ujao.

Nakuomba kama baba. Usimwambie mtu. Zaidi ya wote, Sadrack. Nimengojea jambo hili maisha yangu yote, mwanangu.

Baba yako

Beni-Bungulu, tarehe 14 Mei 2023

Baba,

Barua hii anakuletea Christa, lakini mimi niko hapa nje, kiti cha nyuma cha gari la Eliezer, mbele ya mlango wako. Nimeianza njiani na ndiyo maana herufi zinaruka. Nimeshindwa kuingia na kukuambia usoni, kwa hiyo soma.

Nimemwambia Sadrack. Asubuhi nilimfuata nyumbani kwake kabla ya ibada, na maneno yaliponikataa nikampa barua yako ya Ijumaa aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama. Alipiga simu hospitali ya huku, wanakungoja.

Uliniomba kama baba na nimekukatalia. Sijawahi kukukatalia kitu, unajua. Kama utanikasirikia, nikasirikie, kama ni miaka, iwe miaka. Njia nzima nilikuwa nawaza tu kama nitakukuta unapumua, na Christa alipofungua mlango nilimtazama yeye uso kwanza.

Vaa koti. Usilete chochote. Ukikataa kutoka nitaingia na Eliezer tukubebe, na mtaa wote utaona.

Binti yako, nisamehe,
Joyeuse

Beni-Bungulu, tarehe 18 Juni 2023

Joyeuse mwanangu,

Salamu za upendo. Natumaini ulifika Butembo vizuri na wateja hawakukukimbia kwa siku zile ulizopoteza kwangu. Christa anakusalimu. Nimerudi nyumbani tangu Jumatano, nakula bugali laini na sombe iliyopikwa mpaka ikasahau kuwa majani.

Nimeiandika barua hii mara nyingi kichwani nikiwa nimelala na mpira wa kutoa usaha shingoni, na kila mara nilikuwa nakugombeza. Ulikaa kando yangu mpaka homa iliposhuka, ukaenda zako bila kusikia neno kutoka kwangu, nawe ukadhani ni bandeji. Ilikuwa hasira. Siku ya Pentekoste nilitazama saa ya ukutani mpaka ibada ilipokwisha huko kwenu, wenzangu wakiwa wamepiga magoti na mimi nimelala chali. Nilikuchukia siku hiyo, Mungu anisamehe.

Jumanne iliyofuata Sadrack alikuja peke yake. Sala ya wagonjwa hakuianza. Alivuta pazia, akaketi, akaingiza vidole mdomoni, akatoa meno yake yote ya juu, akayaweka kwenye leso juu ya magoti. Uso ukaingia ndani, nikawa natazama mzee nisiyemjua. Akaniambia, kwa mluzi unaonishinda mimi, "Éphraïm, kumbe ulitaka kufa juu ya kitu miye natoshaka kila mangaribi na kuweka mu kikombe ya mayi?"

Nilimwandikia kwenye karatasi: na Kitsa je? Akasoma, akaikunja karatasi. "Kitsa? Tulimwita. Alikataa yeye mwenyewe, akasema anaona haya." Nilitaka kucheka, taya likakataa, nikalia.

Sasa habari za mwili. Juu sina kitu. Chini yamebaki machache, nayapiga mswaki kama mtu anayelinda mabaki ya shamba. Sukari imeshuka na dawa ni zilezile, na kidonda kimeanza kufunga. Daktari wa meno anasema uozo wa ufizi ulikuwa unaipandisha sukari, na sukari inaulisha uozo, kama majirani wawili wanaoazimana moto. Alisema pia kwamba ningechelewa mpaka Pentekoste, angekuwa anaongea na nyinyi, si na mimi. Ufizi ukikauka atanipa meno ya kuvua na kuvaa. Wasingya, asante sana, kwa nyuzi zako. Toge usiiuze, ila usiniulize ni lini. Kamati haijapanga siku nyingine, na sijui kama nitakuwepo wakipanga. Ulifanya nilichokukataza, nami ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Hayo yameisha.

Leo walinipa mimbari. Nilikuwa nimepanga kukataa, nikamfikiria Kitsa, nikapanda. Nilifungua mdomo, na salamu ya kwanza ikapiga mluzi mpaka mlango wa nyuma. Walicheka, wakubwa kwa wadogo, hata Christa kwenye kwaya. Nilishika mimbari kwa mikono miwili, nikangoja wamalize. Kisha nikaendelea, mahubiri yote, na S zake zote. Hakuna aliyetoka nje.

Baba yako,
Éphraïm