Mwenye Timu Asiye na Kibanja

Nyanga, Bukoba
Agosti 1989

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na ule mguu wako umeacha ukaidi. Mimi bado nipo. Mwandiko usikutishe, ni wangu, ila mkono siku hizi umekuwa mvivu.

Huko Magu mlisikia kwamba mdogo wako ni tajiri wa mpira, mkacheka. Si uongo. Nilipokuja huku kufuata sangara wa visiwani, nilikuta timu ya Nyanga imekufa. Vijana wake walikwenda vitani Uganda, na waliorudi hawakuwa na hamu tena ya kukimbia. Mimi niliyekula Kampala na kulala Kisumu nikasema timu itanishindaje. Nikaenda Mwanza, nikachukua wachezaji wenye majina, nikawalipa mshahara kila mwezi kama makarani wa serikali, na samaki juu. Tukawafunga Muleba mpaka wakasema tuna mganga. Mganga alikuwa sangara.

Kisha ukaingia huu ugonjwa wanaouita Juliana, jina la shati la magendo kutoka Uganda, na redioni wanauita UKIMWI. Ulianza na beki wetu Maige. Nilimpeleka mwenyewe kwa meli mpaka kwao, akiwa kwenye sanduku. Baada yake wakafuata wengine, nami nikawa nalipa mafundi seremala zaidi kuliko wachezaji. Jirani yangu Bibi Kokwijuka aliniuliza kama nasajili timu au nasajili misiba.

Ni yeye aliyeniambia niache kununua wakubwa, nikuze watoto waliopo. Wajukuu wamejaa nyumbani kwake, wazazi wao amewazika kibanjani, katikati ya migomba yake. Huku, dada, mtu huzikwa kwenye kibanja cha ukoo wake. Asiye na kibanja ni mgeni hata akiota mvi hapa.

Basi nikaanza upya na watoto. Mshahara wao ni samaki na ada ya shule. Shida ikawa matanga: penye msiba hakuna anayeshika jembe, sembuse mpira, na msiba ulikuwa haukauki. Kokwijuka akawaendea wazee, akawaambia jembe lilale lakini mpira uchezwe, maana watoto hawa wakingoja kijiji kimalize kulia watazeeka. Wazee walinung'unika, wakakubali.

Jumapili iliyopita wamewafunga Muleba. Bao ni la Ildefons, mjukuu wa Kokwijuka, mtoto mwenye miguu ambayo Mwanza nzima haina. Nilitandikiwa mkeka pembeni ya uwanja, nikamtukana refa nikiwa nimelala. Watu walicheka sana.

Nadhani umeshajiuliza kwa nini nilikuwa nimelala. Ndiyo, dada. Ni huo huo ugonjwa.

Wachezaji wangu wote waliokufa nilihakikisha wanarudi kwao, na najua ukipata habari zangu utatuma watu wanilete nilale karibu na baba. Nakuomba usitume. Kokwijuka amenionyesha mahali, jirani na mama yake Ildefons, chini ya mgomba unaozaa vizuri. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Msukuma, ukoo hapa sina. Akanijibu kwamba wachimbaji ameshawapata, mabeki wote na mstari mzima wa mbele, na kama hao si ukoo basi yeye hajui ukoo ni nini. Nikageukia ukutani. Aliona, akajifanya anatafuta kibiriti.

Mtumbwi na mashine yake nimewaachia watoto, samaki wasikatike.

Nisalimie shemeji, na wanao wote, yule mtundu kwanza. Ukija, njoo Jumapili. Usianzie kaburini, pitia uwanjani, ukae kwenye mkeka wangu, na refa akikosea umtukane kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mashauri
wa kibanja cha Kokwijuka